Viza ya Ujerumani ikikataliwa, utabaki na nini mkononi?

Kama unaishi Kakamega na umri wako ni kati ya miaka 18 na 30, kuna mtu ashakuuliza: "Na wewe, Kijerumani umeanza?" Swali hilo siku hizi linaulizwa kwa kinyozi, kwa stendi ya boda, hata nje ya kanisa watu wakingoja gari. Matangazo ya masomo ya Kijerumani yamebandikwa kwenye nguzo za stima, na kwenye WhatsApp kila kikundi kina mtu mmoja ambaye anajua mtu anayejua ubalozi.

Kati ya njia zote zinazouzwa, kuna moja inapendwa sana kwa sababu inasikika rahisi. Ni viza ya kwenda kusoma lugha. Huhitaji digrii. Huhitaji mkataba wa kazi. Unapata nafasi kwenye shule ya lugha kule Ujerumani, unaenda, unasoma Kijerumani katikati ya Wajerumani wenyewe, halafu mengine utajipanga ukiwa huko.

Leo nataka tuipigie hesabu njia hiyo, mimi na wewe, polepole. Sijakuja kumwaga maji kwenye ndoto ya mtu. Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, karo ilipogoma, kwa hivyo najua vile mtu hukaa kwa nyumba akitazama simu na kuona wenzake wakipiga picha kwa theluji. Lakini kuna swali moja ambalo mawakala hawalipendi, na ndilo nataka uondoke nalo hapa: viza ikikataliwa, ni nini kinabaki mkononi mwako?

Ahadi iliyopita kama upepo

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 13 Septemba 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na kazi. Rais William Ruto alikuwepo, na Olaf Scholz, aliyekuwa Chansela wakati huo, alikuwepo. Kabla jua halijatua, habari zilikuwa zimezagaa kwamba Ujerumani itachukua Wakenya 250,000.

Huku kwetu nambari hiyo ilipokelewa kama mvua ya Machi. Tatizo ni kwamba haikuwa kweli. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilijitokeza na kuikana waziwazi: mkataba ule hauna idadi yoyote wala mgao wowote wa nafasi. Wenye ujuzi wanaokidhi masharti ya sheria za Ujerumani ndio wanaoweza kwenda. Tena mkataba huohuo una sehemu inayohusu kurudishwa nyumbani kwa Wakenya ambao hawana haki ya kuishi kule. Hiyo sehemu mabango huwa hayaitaji.

Unajua mfano gani ulitajwa wakati ule? Madereva wa basi waliopokelewa Flensburg, mji ulio kaskazini kabisa mwa Ujerumani, kwenye mradi wa majaribio. Walikuwa watano. Nimesema watano.

Sisemi mkataba ni bure. Ujerumani inazeeka, na kwa kweli inahitaji wauguzi, mafundi na madereva. Sheria yake ya wafanyakazi wenye ujuzi ililegezwa kwa awamu tatu, kati ya Novemba 2023 na Juni 2024. Lakini mkataba ni maelewano kati ya serikali na serikali. Haukubadilisha karatasi hata moja utakayoulizwa ukifika ubalozini. Halafu siasa za kule nazo hazisimami: Mei 2025 Friedrich Merz aliingia madarakani kama Chansela, na alikuwa ameahidi wapiga kura wake kubana uhamiaji. Kwa hivyo yeyote anayekuambia "mkataba ulishatiwa saini, viza ni kuchukua tu" anakuuzia ndizi ambayo bado iko shambani.

Viza yenyewe inataka nini?

Sasa tuingie jikoni. Viza ya kusoma lugha ina masharti yake, na si siri.

Kwanza, lazima uwe umeandikishwa kwenye kozi ya nguvu, yaani angalau masomo 18 kwa wiki. Kozi ya jioni au ya wikendi haihesabiki. Pili, viza hii ina mwisho: kwa kawaida ni mwaka mmoja tu. Tatu, lazima ueleze kwa nini unataka kujifunza lugha hiyo, na utaitumia wapi. Nne, bima ya afya na mahali pa kulala. Tano, na hapa ndipo wengi hukwama, ushahidi wa pesa.

Ushahidi huo kwa kawaida huwa ni akaunti maalum ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto, yaani akaunti iliyofungwa. Unaweka pesa za matumizi ya muda wote utakaokaa, kisha ukifika kule unaruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Mwaka 2025, mwanafunzi wa chuo kikuu alitakiwa kuonyesha euro 992 kwa kila mwezi, jumla euro 11,904 kwa mwaka. Anayekwenda kusoma lugha peke yake aliwekewa kiwango cha juu zaidi, euro 1,091 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hiyo ni euro 13,092.

Chukua euro moja kuwa shilingi 150 hivi. Unaongea kuhusu karibu shilingi 1,964,000. Ukikata kozi iwe miezi sita, bado ni karibu shilingi 982,000. Hapo hujalipa karo ya shule ya lugha, hujalipa tikiti ya ndege, hujalipa bima, hujalipa ada ya viza ya euro 75, na hujalipia pasipoti ambayo tangu 2024 ya kurasa chache kabisa ni shilingi 7,550.

Tuseme wewe ni mtu wa boda pale Lurambi na una nidhamu ya jeshi. Kila siku unaweka shilingi 500 bila kukosa, Krismasi ikiwemo. Kufikisha pesa ya mwaka mmoja kwa hiyo akaunti kutakuchukua zaidi ya miaka 10.

Ndiyo maana shamba linaingia kwenye mazungumzo. Mzee ana ekari moja na nusu ambayo zamani ilikuwa ya miwa, siku hizo kiwanda cha Mumias kikilipa. Watoto ni watano. Wewe ndiye uliyefaulu kidogo, na kikao cha familia kinaamua: tuuze nusu ekari, kijana aende, atarudisha. Huyo kijana ndiye ninamwandikia. Na huyo mzee pia, kama kuna mtu atamsomea.

Mafungu mawili ya pesa

Chukua karatasi, uigawanye katikati. Upande mmoja andika: pesa inayorudi nikikataliwa. Upande wa pili: pesa isiyorudi.

Hapa kuna jambo la kushangaza. Ile akaunti iliyofungwa, ambayo inatisha kila mtu, iko upande wa kwanza. Imefunguliwa kwa jina lako. Ukinyimwa viza, unaonyesha barua ya kukataliwa, akaunti inafunguliwa na pesa zinarudi, ukitoa ada za kuifungua na hasara ya kubadilisha sarafu. Inauma, lakini shamba halijapotea lote.

Sasa angalia upande wa pili. Ada ya wakala ya "kushughulikia". Ada ya "kuharakisha". Pesa ya "kuhifadhi nafasi". Pesa ya barua ya mwaliko. Kutafsiri vyeti. Nauli za kwenda Nairobi mara nne, na kila safari ni usiku mzima kwa basi na asubuhi kuosha uso kwa choo cha kulipia. Hizi ndizo pesa ambazo watu huzitoa bila kuuliza, kwa sababu kila moja ni ndogo. Elfu 20 hapa, elfu 50 pale. Lakini hizi ndizo ambazo hazirudi hata mbingu ishuke.

Yaani tunaogopa pesa kubwa ambayo ni yetu, halafu tunagawa pesa ndogondogo ambazo si zetu tena zikishatoka mfukoni. Wakala anajua hilo. Biashara yake haitegemei wewe upate viza. Inategemea wewe uombe.

Kuna ujanja mwingine pia. Utaambiwa usijali kuhusu akaunti, tutakukopesha pesa ya kuonyesha. Fikiria vizuri. Pesa ya kuonyesha ukipewa kwa riba, halafu ikatolewa ukishapata viza, utatua Ujerumani ukiwa na deni nyumbani na akaunti tupu kule. Ukikosa viza, riba haikuulizi. Na ukiwekewa karatasi za benki za uongo, wewe ndiye jina lako liko kwenye ombi. Wakala hana jina popote.

Na wale wenye jamaa kule? Kuna njia ya mtu anayeishi Ujerumani kutia saini kwamba atakugharamia. Ni halali, na inaweza kuchukua nafasi ya hiyo akaunti. Lakini kabla hujampigia shangazi yako simu usiku, jua kwamba saini hiyo inamfunga hadi miaka 5. Ukikwama ukatumia pesa za serikali yao, anadaiwa yeye. Ukiona shangazi anasitasita usimwite mchoyo. Amesoma ile fomu.

Swali moja la afisa

Tuseme pesa umepata. Afisa wa viza atakusomea maelezo yako akiwa na swali moja kichwani, hata kama hatalitamka: kwa nini huyu anataka kulipa zaidi ya milioni moja kujifunza kitu ambacho kinafundishwa Nairobi?

Swali hilo lina uzito. Goethe-Institut imekuwa Nairobi tangu 1963. Inafundisha Kijerumani kutoka A1, kiwango cha mtu ambaye hajui hata kusalimia, kwenda juu. Ukiandika tu kwamba unapenda utamaduni wa Wajerumani, na wakati huo hujui hata kuhesabu hadi kumi kwa lugha yao, afisa anaona mtu anayetafuta mlango wa kuingilia. Anaanza kujiuliza kama kweli kozi ndiyo lengo, na shaka hiyo peke yake inaweza kuliangusha ombi lako.

Anayeshinda hoja hiyo ni yule ambaye safari yake inaeleweka: ana A2 au B1 kutoka hapa nyumbani, ana cheti cha fani fulani, na anaweza kueleza kwamba anakwenda miezi michache kupandisha lugha ifike kiwango ambacho fani yake inadai. Huyo hakuulizwa "mbona usisome Nairobi?" kwa sababu ashasoma.

Kuna kejeli fulani hapa ambayo huwa inanichekesha. Jengo la ubalozi wa Ujerumani pale Riverside Drive limepewa jina la Ludwig Krapf. Krapf alikuwa mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, akaishi na watu wa pwani na kujifunza lugha papo hapo, mpaka akatunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Hakuna aliyemuuliza taarifa ya benki. Hakuna aliyemwambia ajifunze kwanza huko kwao. Leo mjukuu wa wale waliomfundisha Krapf anapanga foleni nje ya jengo lenye jina lake, akishika bahasha kifuani. Cheka, lakini sheria ni yao. Ukitaka kuingia, utaingia kwa hesabu zao.

"Hapana" ya sasa ni nzito kuliko ya zamani

Kuna mabadiliko mawili ambayo kila mtu anayeomba anapaswa kuyajua.

La kwanza ni zuri. Tangu Januari 2025, maombi ya viza za kukaa muda mrefu yanaweza kuanzishwa mtandaoni kwenye mfumo wa serikali ya Ujerumani yenyewe. Unajaza mwenyewe, unaweka stakabadhi mwenyewe. Ukiwa na simu nzuri na saa chache kwenye saiba hapa mjini, unaweza kufanya sehemu kubwa ya ile kazi ambayo mtu anataka elfu 80 kuifanya. Fomu haijui kama wewe ni mtu wa Karen au wa Shirere.

La pili ni chungu. Zamani ukinyimwa viza ulikuwa na haki ya kuandika barua ya kupinga, na ubalozi uliangalia ombi lako upya bila malipo. Wengi waliokolewa na barua hiyo, hasa pale ambapo karatasi moja ilikosekana. Kuanzia tarehe 1 Julai 2025 Ujerumani iliondoa utaratibu huo duniani kote. Sasa ukikataliwa una njia mbili: uombe tena kutoka mwanzo na ulipe tena, au uende mahakamani, na mahakama yenyewe iko Berlin. Kijana wa Kakamega kumshtaki Mjerumani Berlin! Hebu niambie wakili utamlipa na nini.

Kwa hivyo ombi la kwanza sasa ndilo ombi. Ule mtindo wa "wacha tujaribu, tukinyimwa tutaandika barua" uliisha. Ukisikia wakala bado anauimba, jua hajasoma habari kwa muda.

Jirani ashanyolewa

Kama bado unaona naongea kwa hofu tu, tazama hapo jirani, Uasin Gishu. Mwaka 2021 kaunti hiyo ilianzisha mpango wa kupeleka vijana vyuo vya Finland na baadaye Canada. Haukuwa mpango wa wakala wa kona. Ulikuwa na muhuri wa kaunti, ulikuwa na viongozi, na kulikuwa na sherehe za kuwaaga vijana. Wazazi waliuza mashamba na ng'ombe, wakapeleka karo kwenye akaunti iliyosimamiwa na upande wa kaunti ili ilipwe vyuoni.

Mwaka 2023 vyuo vya Finland vikasema karo haijafika. Vijana waliokuwa tayari kule wakaanza kuishi kwa hofu ya kufukuzwa. Wengine hawakuwahi hata kupanda ndege. Eldoret wazazi waliandamana wakidai pesa zao. Agosti mwaka huohuo aliyekuwa gavana, Jackson Mandago, alifikishwa mahakamani Nakuru pamoja na wengine kwa mashtaka yanayohusu shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka.

Nani ana makosa ni kazi ya mahakama. Somo langu ni dogo na haliwezi kukatiwa rufaa: pesa zilipita kwenye akaunti ambayo haikuwa na jina la mzazi wala la mwanafunzi. Mambo yalipoharibika, hakuna mzazi aliyeweza kuingia benki na kusema hii ni yangu, nipeni. Sasa rudi kwa ile karatasi yako yenye mafungu mawili. Karo ya shule ya lugha lipa kwa akaunti ya shule yenyewe, na uwe na mkataba unaosema kama itarudishwa viza ikikataliwa. Shule nyingi za maana zina kipengele hicho. Wakala akikwambia pesa ipitie kwake "ili mambo yaende haraka", hapo ndipo safari yako inapaswa kuishia.

Kitu ambacho hakuna afisa anaweza kukunyima

Sasa tufike pale ambapo matumaini yako. Kwenye ile karatasi kuna kitu kimoja ambacho hakiko fungu la kwanza wala la pili. Ni lugha yenyewe. Pesa uliyolipia masomo ya Kijerumani hapa nyumbani hairudi, lakini ulichonunua hakiondoki. Ubalozi ukikataa leo, B1 yako bado iko kichwani kesho. Unaweza kuomba kwa njia nyingine, kwa mwajiri mwingine, hata kupata kazi ya kufundisha wanaoanza.

Goethe-Institut wanakadiria kwamba kufika B1 kunahitaji kati ya masomo 350 na 650 ya dakika 45. Ukisoma masomo 20 kwa wiki kwa bidii, hiyo ni kama miezi minne hadi minane. Si wiki sita kama bango linavyosema, na pia si maisha yote.

Halafu B1 inafungua mlango ambao viza ya lugha haifungui: mafunzo ya kazi, ambayo vijana wetu tayari wanayajua kwa jina la Ausbildung. Unasoma darasani na unafanya kazi, na mwajiri anakulipa. Kwa uuguzi ni miaka 3, na kwenye hospitali za umma malipo ya mwaka wa kwanza yamekuwa zaidi ya euro 1,300 kwa mwezi kabla ya makato. Malipo ya mafunzo yakitosha kukulisha, ile akaunti iliyofungwa haihitajiki. Soma hiyo sentensi tena. Milioni mbili za shamba zinaondolewa mezani na cheti cha lugha na mkataba wa mafunzo.

Kwa wale ambao washahitimu uuguzi, kwa mfano kutoka KMTC, njia ni ya kutambuliwa kwa cheti chako kule, na hapo lugha inayodaiwa kwa kawaida hupanda hadi B2. Ni ngumu zaidi, lakini ni ngumu inayolipa.

Najua utaniuliza: lakini si kuna watu walienda na viza ya lugha na wakafanikiwa? Wapo. Na sheria imewasaidia kidogo, maana tangu Machi 2024 mwanafunzi wa lugha anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 20 kwa wiki. Ukiwa na pesa ambayo haitavunja familia, ukiwa na A2 au B1 tayari, na ukiwa na mpango unaoeleweka, njia hiyo ni halali na inaweza kukufaa. Lugha hukomaa haraka ukiisikia kwa basi na dukani. Lakini kazi ambayo bado hujaipata haiwezi kuwa ushahidi wa pesa leo. Na yule aliyefaulu ndiye anayepiga picha. Yule aliyekataliwa hana picha ya kupiga, yuko nyumbani na mzee hamwongeleshi.

Na hawa waliotuahidi?

Siwezi kumaliza bila kuwarudia wanasiasa. Mkataba wa 2024 ulipigiwa makofi, lakini mzigo wa kuutimiza ukabebeshwa familia. Nani analipia masomo ya lugha? Mama mboga. Nani anabeba hatari ya kukataliwa? Nusu ekari ya mzee.

Kama serikali inaamini kweli kwamba kazi za nje ni mpango wa taifa, tuone Kijerumani kikifundishwa kwa bei ya umma katika taasisi ambazo tayari tunazo. Kakamega tuna Sigalagala, tuna Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, tuna KMTC. Madarasa yako, wanafunzi wako. Kinachotakiwa ni walimu wenye vyeti na njia ya kufanyia mtihani unaotambulika huku magharibi, ili msichana wa Malava asilipe nauli na malazi ya Nairobi kila anapopanda kiwango. Kaunti ambayo inaweza kujenga uwanja inaweza kulipa walimu kumi wa lugha. Hizo ndizo pesa ambazo, hata Ujerumani ikifunga mlango kesho, zingebaki kwenye vichwa vya vijana wetu.

Mpaka siku hiyo ifike, jilinde. Kabla hujatoa hata shilingi, muulize anayekuuzia safari mambo haya, na umtazame usoni akijibu:

Je, ofisi yako imeandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na naweza kuiona kwenye orodha yao mwenyewe? Hili ni la lazima kama anakuahidi kazi.

Akaunti iliyofungwa itakuwa kwa jina la nani?

Karo naipeleka kwa shule moja kwa moja, au kwako?

Viza ikikataliwa, ni kiasi gani kinarudi, siku ngapi, na imeandikwa wapi?

Na la mwisho, muulize kwa Kijerumani chochote unachojua. Ukimshinda kabla hata hujaanza darasa, chukua bahasha yako.

Halafu nenda nyumbani ukamwonyeshe mzee ile karatasi yenye mafungu mawili. Mwambie shamba likae kwanza. Mwombe pesa ya muhula mmoja wa masomo ya lugha badala ya nusu ekari. Ukifika B1, mtakaa tena mzungumze. Wakati huo hata ukiuza kuku watatu kwa nauli ya kwenda kuhojiwa, utakuwa unaenda na kitu ambacho hakijakopwa na mtu.